Ayuma na Foleni ya Maji

"Mtungi wangu uko hapa tangu alfajiri," alisema Mzee Zedekiah, "na ndani yake nimetia tofali. Tofali halijui kusema uongo."

"Wala halijui kusoma, Mzee," Sahro alimjibu akimsogezea simu usoni. "Soma hapa. Wa kwanza, Sahro. Wa pili, Sahro. Wa tatu, kama macho yako yangali mazuri, Sahro."

"Umekuwa watu watatu tangu lini, Mama Kawsar?"

"Tangu Mungu aniongezee mwili."

Watu wakacheka. Katika ua ule wa mtaani Mbotela, wenye nyumba kumi na sita zilizogeukiana kama watu waliokaa kupiga gumzo, ugomvi wa wawili hawa haukuwa habari ya kumfanya mtu aache kuosha vyombo. Sahro aliuza nguo kwa jumla kule Majengo, na sauti yake ya sokoni alirudi nayo nyumbani kila jioni. Mzee Zedekiah alikuwa amestaafu kiwandani, na kwa kuwa hakuwa tena na msimamizi wa kubishana naye, alimchagua Sahro. Waliteta kwa miaka kumi na mmoja, na mmoja akiugua, mwenzake ndiye aliyempelekea uji.

Lakini jioni hii ya Jumatano watu walikuwa wamesimama kweli kweli. Maji hufika uani siku mbili tu kwa wiki, Jumatano jioni na Jumamosi asubuhi, na mfereji ni mmoja. Sasa yalikuwa yakitiririka, na beseni lililowekwa chini ya mfereji lilikuwa limejaa hadi kufurika, maana hakuna aliyemruhusu mwenzake kuweka mtungi.

Nyuma ya blanketi lililoanikwa kambani, msichana wa miaka kumi na mitatu alikuwa amejibanza kimya. Huyo ni Ayuma, binti ya Mulama. Orodha iliyokuwa kwenye simu ya Sahro aliileta yeye.

Mambo yalianza hivi. Kila Jumatatu na Alhamisi baada ya masomo, Ayuma alikwenda kwenye ukumbi mmoja upande wa Makadara, ambako Mwalimu Nabiswa aliwafunza watoto kutengeneza programu za kompyuta. Nabiswa alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano, na yeye mwenyewe alikuwa na mwaka mmoja tu katika kazi hiyo. Kompyuta za ukumbini zilikuwa kumi na mbili. Watoto waliozitaka walikuwa zaidi ya arobaini. Basi Nabiswa akatoa sharti: muhula ujao wataendelea wale tu watakaotengeneza kitu kinachotumiwa na watu wa kwao. Angepita nyumba kwa nyumba kujionea mwenyewe, na siku ya Ayuma ilikuwa Jumamosi hii.

Ayuma aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka. Akiwa darasani alijiona ameketi mbele ya kompyuta. Akiwa anakosha vyombo, vivyo hivyo. Kwa hivyo aliposikia lile sharti, hakutaka kupoteza hata dakika. Aliifungua akili unde, ile mashine ya kuandikiana nayo ambayo ukiiagiza kazi huimaliza kabla chai haijapoa, akaiambia: nitengenezee programu ya foleni ya maji, watu wajiandikishe kwa simu. Mashine ikamwandikia mistari mia na arobaini. Ayuma akasoma minane ya kwanza, kichwa kikamzunguka, akaiwasha tu. Ikafanya kazi.

Mwalimu Nabiswa alipomuuliza kama ameisoma yote na kuielewa, alijibu, "Ndiyo, Mwalimu," huku akitazama dirishani. Na uani watu walipouliza ni nani aliyeitengeneza, alisema ni yeye, peke yake.

Walimsifu mno. Hapo zamani foleni ilipangwa kwa mitungi. Mtu aliacha mtungi wake karibu na mfereji, akatia tofali ndani ili upepo usiuhamishe, na kila mtu akajua zamu yake. Sasa mtu angejiandikisha kwa simu akiwa kitandani, akae ndani na kungoja nambari yake iitwe. Wakakubaliana kwamba orodha ya simu ndiyo ya mwisho, na atakayeiruka atarudi nyuma. Waliikubali wote, isipokuwa Mzee Zedekiah, ambaye simu yake ni ile ndogo ya mabonyezo na ambaye, kwa kweli, hakuna aliyekumbuka kumuuliza.

Hatimaye Mulama, baba yake Ayuma, akawatenganisha wale wawili. Sahro akateka mitungi miwili, Mzee naye mmoja, na foleni ikaanza kusonga. Nusu saa nzima ilikuwa imekwisha kupotea. Walipofika nambari kumi na mbili, mfereji ukakohoa mara mbili, ukatema matone, ukanyamaza.

Hapo ndipo mlango wa nyumba ya mwisho ulipofunguliwa. Mbeti akatoka na ndoo mbili tupu, mtoto wake wa siku kumi na tisa akiwa amefungwa kifuani. Alikuwa amehamia uani mwaka huu tu kutoka Embu, na mumewe alifanya kazi Athi River, akija nyumbani mwisho wa wiki.

"Nambari kumi na nne imefika?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Watu wakautazama mfereji mkavu. Katika ua ule kulikuwa na sheria ambayo haikuandikwa mahali popote: mwanamke aliyejifungua hapangi foleni kwa siku arobaini. Akionekana tu mlangoni na ndoo, watu husogea, hata kama mtu alikuwa wa kwanza tangu jana. Sahro mwenyewe aliteka hivyo alipomzaa Kawsar. Mama yake Ayuma naye aliteka hivyo hivyo alipomzaa Ayuma, na alipenda kusema kwamba maji ya kumwosha mtoto siku ya kwanza alipewa na watu wanane.

Lakini Mbeti hakuonekana mlangoni. Alitazama simu, akasoma kumi na nne, akadhani siku hizi mambo ni hivyo, akakaa ndani akingoja. Na kwa kuwa kila mtu alikuwa akitazama simu, hakuna aliyeutazama mlango wake.

Aibu ikawashika watu wazima. Sahro akamimina nusu ya mtungi wake ndani ya ndoo ya Mbeti. Mzee Zedekiah akaleta jagi. Kabla ya dakika tano ndoo zote mbili zilikuwa zimejaa, na mtoto hakukosa maji ya kuogea. Kisha watu wakageuka, mmoja baada ya mwingine, wakalitazama lile blanketi.

"Toka huko, Ayuma," Sahro alisema. "Miguu yako inaonekana."

Hawakumgombeza sana, na hilo ndilo lililomuuma. Walimwambia programu ni yake, basi airekebishe. Jumamosi ikifika kabla haijapona, wangeifuta kwenye simu zao na kurudia mitungi. Ayuma akaitikia, huku akili yake ikihesabu: Jumamosi ndiyo siku ya Mwalimu Nabiswa.

Jioni hiyo alichukua simu ya baba yake, akaieleza ile mashine kwamba programu ina kosa, irekebishe. Ikamwomba radhi kwa adabu nyingi, ikampa mistari mia na tisini. Alipoijaribu, nambari zote zikageuka sifuri. Akaiambia tena. Ikamwomba radhi zaidi. Sasa majina yakajipanga kwa herufi za alfabeti, na Mzee Zedekiah, ambaye hayumo kwenye orodha, angekuwa wa mwisho hata kama angekuwamo. Mara ya tatu orodha yote ikapotea. Ayuma hakujua ni nini kilichobadilika, kwa sababu hakujua kilichokuwapo mwanzo. Alikuwa kama mtu aliyepewa ufunguo wa nyumba asiyojua ina vyumba vingapi.

Asubuhi, wakienda shuleni, Kawsar alimkuta akiburuta miguu. Kawsar ni binti ya Sahro, rafiki yake tangu wakiwa wa kutambaa, na ulimi aliurithi kwa mama yake.

"Niaje, injinia."

"Niache."

"Nimesikia foleni imeota mabawa." Kawsar alipoona mwenzake hacheki, akaupunguza mzaha. Aliuliza Ayuma aliiambia nini ile mashine. Ayuma akamweleza. Kawsar akasimama katikati ya njia, mkono kiunoni, kama Sahro mwenyewe.

"Yaani unaiuliza mashine habari za Anti Mbeti? Mashine inamjua Anti Mbeti wapi? Wewe unayeishi mlango wa tatu kutoka kwake ulikuwa wapi?"

Maneno yale yakamfuata Ayuma kutwa nzima hadi ukumbini.

Alhamisi hiyo aliwaacha wenzake watoke, akamsogelea Mwalimu Nabiswa aliyekuwa akikunja nyaya. Mama yake alizoea kusema kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua, na Ayuma alihisi maradhi yake yamefika kooni. Akaeleza yote: mistari minane aliyoisoma, mia na thelathini na miwili ambayo hakuisoma, uongo wa dirishani, Mbeti na ndoo tupu.

"Kwa hivyo, Mwalimu, ukitaka kumpa mtu mwingine nafasi yangu, nitaelewa," alimaliza, ingawa hakuwa na hakika kama angeelewa.

Nabiswa alivuta kiti, akamwonyesha Ayuma kingine, akaanza kumhadithia habari zake mwenyewe. Alipomaliza chuo, alituma maombi ya kazi katika ofisi ishirini na saba. Zilizojibu zilimwambia karibu jambo lile lile, kwamba kazi ndogo ndogo walizokuwa wakiwapa wanaoanza sasa zinaandikwa na mashine. Alilia wiki moja. Kisha akaenda kwa mjomba wake, muuzaji wa mabati na misumari kwa jumla, akakaa dukani wiki tatu bila kugusa kompyuta. Alikuwa akitazama tu. Akaona kwamba wapakiaji hupakia mzigo wa mtu mmoja kwenye mkokoteni wa mwingine, kwa sababu oda huja kwa mdomo na wateja watatu wanaitwa jina moja. Akawauliza wapakiaji wenyewe wangependa nini. Ndipo akatengeneza programu ndogo ya kutenganisha mizigo.

"Uliiandika mwenyewe?" Ayuma aliuliza.

"Mashine ilinisaidia nusu. Lakini niliisoma kama mtu anavyochambua mchele. Chenga nikatoa, mawe nikatoa. Mstari nisiouelewa, niliiuliza mashine kazi yake ni nini, kisha nikaujaribu nione kama jibu ni la kweli. Siku moja mteja mmoja mwenye ofisi ya usafirishaji akaiona, akaniuliza maswali kumi, nikayajibu. Ndiyo kazi niliyo nayo sasa. Hawakuniajiri kwa sababu naandika haraka, Ayuma. Mashine inanishinda kwa haraka. Waliniajiri kwa sababu kitu kikiharibika, najua pa kushika."

Alimpa daftari na kalamu. Akamwambia asiiguse kompyuta hadi awe amezungumza na kila nyumba inayoteka maji pale uani, kisha arudi nyumbani akaisome ile programu ya kwanza, mstari kwa mstari, hata kama itachukua siku nzima. Akikwama, amuulize.

Ijumaa masomo yalipokwisha, Ayuma alianza mlango wa kwanza. Kama kuna kazi duniani inayomfaa mtu apendaye chai na habari za watu, ni hiyo. Kila alikoingia aliambiwa akae. Kila alikokaa alipewa kikombe. Alianza kwa kuuliza habari za maji, lakini watu hawazungumzi maji peke yake. Walimweleza nani hasemezani na nani, nani anatarajia wageni, mtoto wa nani amefaulu mtihani, na katikati ya hayo yote, kama sarafu iliyoanguka kwenye unga, sheria za foleni zilijitokeza.

Nyumba ya Sylvance ni ya Wasabato. Jumamosi hawateki maji, ndiyo maana Jumatano huachiwa wateke mtungi wa ziada. Nyumba yenye matanga hutangulia, kwa sababu wageni wanakuja na sufuria ni kubwa. Mzee Zedekiah alimwambia kwamba hana shida na simu za watu, ila angependa mtu amwandikishe, na pia orodha ibandikwe ukutani aione kwa macho yake. Alisema hivyo akitazama chini, na Ayuma akatambua kwamba yule mzee mbishi aliumizwa na kusahauliwa zaidi ya kukosa nambari.

Sahro, kwa upande wake, hakuona haya hata kidogo.

"Nilijiandikisha mara moja, simu ikakubali. Nikajaribu tena, ikakubali. Wallahi, mlango ukiachwa wazi mtu ataingia, hata kama hakuwa na safari. Funga mlango wako, mwanangu, usinilaumu mimi."

Ayuma akaliandika hilo pia.

Mbeti alikuwa wa mwisho. Alimkaribisha, akampa mtoto ampakate, na alipoulizwa akasema kwa kusitasita kwamba hakujua habari za siku arobaini. Hakuna aliyemwambia. Kule kwao zipo desturi za namna hiyo, lakini mgeni hawezi kwenda kudai desturi za nyumba ya watu.

Ayuma akaondoka na kurasa saba. Jua lilipokuwa likizama, alikuwa ameketi kwenye kibaraza na Kawsar, simu ya baba yake ikiwa katikati yao. Wakaisoma ile programu ya kwanza. Mistari mingi ilikuwa ya kupamba tu: rangi, ukubwa wa herufi, salamu. Ayuma alishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi alipokwenda polepole. Mstari wa sabini na sita akasimama.

"Huu hapa. Huu unasema, panga watu kulingana na muda waliojiandikisha. Basi. Hakuna kingine inachojua."

"Haijakosea basi," Kawsar alisema.

"Haijakosea. Ilifanya nilichoiambia. Sikuiambia lolote."

Sheria ya nyumba moja jina moja aliiandika mwenyewe, mistari minne, na ilimchukua karibu saa nzima na simu mbili kwa Mwalimu Nabiswa. Sheria ya mzazi wa siku arobaini aliiomba mashine imsaidie, sasa akiieleza vizuri, na jibu lilipokuja hakulipokea hivi hivi. Kawsar alileta vifuniko vya soda kumi na sita, kimoja kwa kila nyumba, wakavipanga kwenye saruji wakifuata programu ilivyosema. Kifuniko cha Mbeti kikaenda mbele. Wakashangilia. Wakajaribu wiki ijayo, kikawa mbele. Wakajaribu wiki kumi baadaye, bado kiko mbele.

"Anti Mbeti atakuwa mzazi hadi mtoto aingie sekondari," Kawsar alisema, na wakacheka hadi vifuniko vikasambaratika.

Ayuma alirudi kwenye ile mistari, akaona mashine haikuweka mwisho. Akaandika arobaini kwa mkono wake mwenyewe, ihesabiwe tangu siku ya kuzaliwa mtoto. Walipopanga vifuniko tena, kifuniko cha Mbeti kilitangulia siku zake zote, kisha siku ya arobaini na moja kikarudi kwenye foleni kama vingine. Orodha akainakili kwenye karatasi, kwa herufi kubwa za kuonekana na mzee.

Jumamosi Mwalimu Nabiswa alifika mapema, akasimama karibu na ukuta bila kujitambulisha kwa kishindo, lakini katika ua ule mgeni hafichiki; kabla hajafunga mwavuli wake alikuwa ameshaulizwa ni wa nani, kaolewa au bado, na kama atakunywa chai. Maji hayakuwa yamefika. Watu walikuwa wamekusanyika, na Ayuma akapanda juu ya jiwe la kufulia.

Aliwaambia kwamba aliwadanganya. Programu ya kwanza haikuwa yake peke yake. Iliandikwa na mashine, naye hakuisoma, na kwa sababu hiyo Anti Mbeti alikaa ndani akingoja nambari ambayo hakupaswa kupewa. Akamwomba Mbeti msamaha. Akamwomba na Mzee Zedekiah.

Sahro akauliza swali ambalo wote walikuwa nalo.

"Na hii ya leo umeisoma?"

"Yote, Mama Kawsar. Na wewe uko mara moja tu."

Kicheko kikapasuka, na Sahro akacheka kuliko wote.

Maji yalipofika, jina la kwanza ukutani na simuni lilikuwa la Mbeti. Hakuhitaji hata kubeba ndoo; Kawsar na Ayuma walimbebea. La pili lilikuwa la Zedekiah, aliyeandikishwa na Ayuma siku iliyotangulia. Mzee alisoma jina lake kwenye karatasi, akalisoma tena, akaweka mtungi wake chini ya mfereji kwa madaha ya mtu anayezindua daraja. Nyumba zote zilizokuwa na zamu ziliteka, na maji yalikuwa bado yanatoka.

Ndipo Mulama alipomsogelea Nabiswa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na haya alikuwa ameyabeba kwa muda.

"Mwalimu, niambie ukweli. Pale kiwandani kwetu ililetwa mashine ya kukunja makatoni, na wenzangu sita wakaenda nyumbani. Sasa nasikia hii nayo inaandika programu. Je, ninamsomesha mtoto kazi inayokufa?"

Watu wakasogea kusikiliza.

"Sitakudanganya, Baba Ayuma. Kazi ya kuandika tu imepungua, na anayeanza leo ana mlima mkubwa kuliko aliyeanza miaka kumi iliyopita. Nami sijui yote yanayokuja. Lakini ngoja nikuonyeshe jambo moja." Akamgeukia Ayuma. "Kwa nini Mbeti ni wa kwanza?"

Ayuma akaeleza, akaonyesha na mstari wenyewe.

"Kwa nini arobaini na si tisini?"

Akaeleza. Akataja hata vifuniko vya soda.

"Haya. Na wakijifungua wawili siku moja, nani anatangulia?"

Ayuma angeweza kubuni jibu. Lilikuwa karibu kabisa na ulimi. Hakutazama dirisha lolote.

"Hapo sijui, Mwalimu. Sheria ya ua haisemi. Itabidi niwaulize kina mama."

"Hakuna cha kuuliza," Sahro alidakia. "Anatangulia mwenye mapacha."

"Nani kasema kuna mapacha?" Mzee Zedekiah akauliza. "Anatangulia mwenye nyumba ya mbali na mfereji."

"Mzee, wewe umezaa lini?"

Na ubishi ukawaka upya, mtamu, kila mtu ana lake. Nabiswa alitabasamu, akamwekea Ayuma mkono begani.

"Umesikia, Baba Ayuma? Hilo ndilo jibu nililokuja kutafuta. Mashine huwa na jibu la kila kitu, hata la jambo isilolijua. Mtu anayeweza kusema hapa najua, hapa sijui, ngoja nikaulize, huyo watu watamwamini na kazi zao. Mwache mwanao aitumie mashine, ni chombo kizuri, hata mimi naitumia kila siku. Ila asome inachomwandikia, ajaribu kabla ya kuwapa watu, awajue watu wenyewe, na kitu kikiharibika akubali ni chake. Mwenye tabia hiyo atapata pa kuanzia, hata kama ni padogo, na atakua kutoka hapo. Muhula ujao kiti chake kipo."

Mulama alivua kofia yake, akaivaa tena, na mkewe aliyekuwa akimtazama alijua kwamba amefurahi sana.

Ayuma alitaka kukimbia kumtafuta Kawsar, lakini alipogeuka alikuta mlango wa nyumba ya mwisho uko wazi kabisa, pazia limefungwa fundo pembeni. Mbeti alikuwa amesimama kizingitini, mwiko mkononi. Mama yake alikuwa amemletea njahi, yale maharagwe meusi, kutoka Embu, chakula cha mzazi, na mzazi mmoja hawezi kumaliza sufuria nzima. Sahro alikuwa ameshapita ndani bila kungoja na kumchukua mtoto.

"Ayuma," Mbeti aliita, na sasa sauti yake ilifika hadi mferejini. "Mlete na mwalimu wako. Na baba, na mama, na huyo Mzee aache kubishana. Ingieni ndani, mle."